Taka za Chumba cha Mgonjwa: Tuzipeleke Nje ya Kambi

Masomo ya kusoma nyumbani: Mwanzo 9:20–23; Kumbukumbu la Torati 23:12–14; Nehemia 3:1–14; Wagalatia 6:1–5.



Mwezi huu nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo sijapata kulisikia katika mimbari yoyote, wala mimi mwenyewe sijapata kulihubiri, ingawa nimekuwa kasisi kwa miaka mingi. Ni jambo la ndani ya nyumba. Huenda wengine wakasema halifai kuandikwa katika gazeti la kanisa. Lakini nimeingia katika nyumba nyingi hapa Themi kuwapelekea wagonjwa Ushirika Mtakatifu, nami nimeona kwamba jambo hili limo katika nyumba nyingi kuliko tunavyokiri. Basi yafaa litajwe.

Nasema juu ya wazee wetu na wagonjwa wetu wasioweza kujizuia haja. Nasema juu ya nepi za watu wazima, zile tunazoziita pampasi, na juu ya kiroba kizito kinachojazwa nazo kila juma. Nani anakibeba? Anakipeleka wapi? Na huko kinakokwenda, nani anakipokea?

UNGAMO LANGU

Haifai niwafundishe kabla sijaungama. Mama yangu mzazi alipatwa na kiharusi, nasi tukamleta akae kwetu. Upande mmoja wa mwili ulikufa ganzi, na mkojo ukawa unatoka bila yeye kujua. Mke wangu na binti yetu walimbadilisha mara nne, ukihesabu na ile ya usiku. Hesabu yake ni rahisi. Nepi 4 kwa siku ni 28 kwa juma, na kwa mwezi ni 120. Nepi ikiwa kavu ni nyepesi, mtoto mdogo anaweza kuirusha kama mpira. Lakini ndani yake umo unga ambao ukilowa hugeuka kuwa kama uji mzito, ukayashika maji yote yasitoke. Mtu mzima hutoa mkojo kama lita moja mpaka mbili kwa siku, na lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hiyo ifikapo mwisho wa juma, kile kiroba hukaribia uzito wa debe la maji. Mwanamke mmoja hawezi kukibeba mbali, wala mtoto hatumwi nacho.

Juma moja gari la taka halikupita katika njia yetu. Juma la pili likapita, lakini sisi tulikuwa kanisani. Viroba vikawa viwili, kisha vitatu, nyuma ya nyumba, na mbwa wakaanza kuzunguka. Niliona aibu. Niliwaza, majirani wataonaje kiroba cha kasisi kikipasuliwa na mbwa njiani? Tukabishana nyumbani, mke wangu na mimi, kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa. Usiku ule nikajitwisha kiroba kimoja, nikateremka mpaka Mto Themi, nikakisukuma majini. Ilikuwa masika, na maji yalikuwa mengi. Nilijiambia mvua itakipeleka.

Kweli mvua ilikipeleka. Mto Themi watoka katika miteremko ya Mlima Meru, wapita katikati ya mji wetu, washuka kusini mpaka kuungana na Kikuletwa. Kikuletwa waingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na maji yatokayo pale ndiyo Mto Pangani, uendao mpaka Bahari ya Hindi. Katika njia hiyo yote hakuna mahali panapoitwa kusiko na mtu. Kuna watu wanaolima mboga, kuna wanaonywesha ng'ombe, kuna wanaovua, kuna watoto wanaoogelea.

Baada ya majuma mawili hivi nilikwenda kumtembelea mama mmoja mjane, mshiriki wetu, ambaye analima mchicha na sukuma chini ya mji na kumwagilia kwa mfereji unaotoka mtoni. Kwa umri wake na heshima yake watu wote wa pale humwita Yeyo. Nilimkuta amesimama ndani ya mfereji, maji yakimfika magotini, akitoa kwa fimbo vitu vyeupe vilivyovimba. Aliponiona aliona haya, akanawa mikono haraka.

“Nisamehe, Mchungaji,” akasema, “mfereji umeziba. Watu wa juu wanatuletea haya. Sijui ni za nani.”

Ndugu zangu, mimi nilijua ni za nani. Au tuseme nilijua zaweza kuwa za nani. Wala sikusema neno. Tulisali, nikampa mkate na divai kwa mikono yangu hii, nikarudi nyumbani.

Jioni ile mke wangu alinijia akasema, “Baba watoto, mama hanywi. Leo ni siku ya tatu, hata chai anaikataa.” Niliingia chumbani nikamkuta midomo imekauka. Nikamwuliza, “Mama, kwa nini hunywi maji?” Akaugeuza uso kuelekea ukutani, akasema, “Mwanangu, nikinywa nawaongezea mzigo. Niliwasikia mkibishana juu ya kile kiroba.”

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba dhambi yangu ilikuwa moja, ila ilikuwa na ncha mbili. Ncha moja ilimchoma mjane kule chini, na ncha ya pili ilimchoma mama yangu humu ndani.

KUSITIRI NA KUFICHA SI KITU KIMOJA

Twasoma katika Mwanzo habari za Nuhu. Mzee yule alilala uchi hemani mwake. Hamu aliona, akatoka nje kwenda kuwaambia wenzake. Lakini Shemu na Yafethi walitwaa nguo, wakaiweka mabegani, wakaenda kinyumenyume wasiutazame uchi wa baba yao, wakamfunika. Mara nyingi tumeihubiri habari hii kuwaonya vijana wanaowacheka wazee. Ni sawa. Lakini angalieni jambo jingine. Wale ndugu wawili hawakusema kwamba hakuna kitu kilichotokea. Hawakufunga mlango wa hema wakaenda zao. Walikubali kwamba baba ana haja, wakaingia ndani, wakafanya kazi iliyohitajika.

Hiyo ndiyo sitara. Sisi mara nyingi twachanganya kusitiri na kuficha. Kusitiri ni kwa ajili ya mzee, ili heshima yake isishuke. Kuficha ni kwa ajili yetu wenyewe, ili jina letu lisishuke. Mimi niliposhuka mtoni usiku nilijiambia kwamba namsitiri mama. Uongo. Mama alikuwa amelala kitandani, hakuna aliyemwona. Niliyekuwa nikimficha ni kasisi.

Tujipime kwa kipimo hiki. Tukifanya jambo mchana kweupe, likafanyika kwa adabu na usafi, huenda ni sitara. Tukilazimika kungoja usiku wa manane, yafaa tujiulize mara mbili.

MUNGU ATEMBEAYE KAMBINI

Katika Kumbukumbu la Torati Mungu aliwapa Waisraeli amri ambayo wahubiri wengi huiruka. Kila mtu, pamoja na silaha zake, awe na kijiti cha kuchimbia. Akitaka kwenda haja atoke nje ya kambi, achimbe, kisha afunike. Na sababu inatolewa palepale: Bwana mwenyewe anatembea katikati ya kambi, kwa hiyo kambi iwe takatifu, asije akaona uchafu akageuka akawaacha.

Tuone mambo matatu. La kwanza, Mungu haoni haya kulisema jambo hili. Yeye aliyetoa Amri Kumi ndiye aliyetoa na hii. La pili, haikuwa kazi ya watumwa peke yao. Kila askari alichukua kijiti chake, mkubwa kwa mdogo. La tatu, amri haikusema toa tu, ilisema pia funika. Kupeleka nje ya kambi si kutupa popote. Nje ya kambi yangu kusiwe ndani ya kambi ya mwenzangu. Nilipokisukuma kile kiroba nilikitoa katika kambi yangu, nikakiingiza katika mfereji wa mjane. Mungu atembeaye Themi ndiye atembeaye kule chini, na huko aliniona nimepita.

LANGO LA JAA NALO LILIKUWA NA MJENZI

Nehemia alipoujenga ukuta wa Yerusalemu, kila jamaa walipewa sehemu yao. Makuhani walijenga Lango la Kondoo, lango zuri, lililo karibu na hekalu. Lakini mji una lango jingine, Lango la Jaa, ambalo taka zote hutokea. Nani angelitaka hilo? Maandiko yanatupa jina lake. Ni Malkiya mwana wa Rekabu, naye hakuwa mtu mdogo, alikuwa mkuu wa wilaya. Alilijenga, akaitia milango yake na makomeo yake, na jina lake limeandikwa mpaka leo. Katika sura hiyohiyo imeandikwa pia kwamba wakubwa wa Watekoa walikataa kuinamisha shingo zao kazini, wala majina yao hayakutajwa.

Katika nyumba zetu Lango la Jaa mara nyingi linaachwa kwa mtu mmoja. Ni mkwe, au ni binti aliyeachishwa shule, au ni msichana wa kazi aliyetoka kijijini. Wana wa kiume huleta fedha siku ya sikukuu, humpiga mama picha, huondoka. Ndugu zangu wanaume, nawaandikia ninyi hasa. Kiroba kile kina uzito. Mungu alitupa mabega.

MIZIGO MIWILI

Mtume Paulo, akiwaandikia Wagalatia, anawaambia wachukuliane mizigo, kisha baada ya mistari michache anasema kila mtu atauchukua wake mwenyewe. Wengine huona kama maneno haya yanapingana. Hayapingani, kwa maana katika Kiyunani ni maneno mawili. La kwanza, *baros*, ni uzito unaomlemea mtu. La pili, *phortion*, ni furushi la kila mtu, lile analopangiwa kubeba safarini.

Basi katika jambo letu, furushi langu ni lipi? Ni kuzifunga taka za nyumba yangu vizuri, kuzitoa siku yake, na kulipa ada ya kuzoa taka bila kukwepa. Hilo nisimwachie mtu. Na uzito unaolemea ni upi? Ni ule wa mjane mwenye mume aliyelala miaka mitano, asiye na mtoto wa kumsaidia, asiye na fedha ya nepi, na ambaye mkono wake hauwezi kuinua kiroba mpaka barabarani. Huo si wake peke yake. Huo ni wa kanisa.

BASI TUFANYE NINI?

Nimewauliza wauguzi walio washiriki wetu, nami nimejifunza kwa makosa yangu. Nawapa niliyoyapata.

Kwanza, tusidhani kwamba kila asiyeweza kujizuia ni mzee tu na basi. Huenda ni kisukari, huenda ni tezi dume, huenda ni maambukizo ya mkojo, huenda ni ajali iliyoumiza uti wa mgongo. Mengine yana dawa, mengine yanapungua. Na wako kina mama vijana wanaovuja mkojo mchana na usiku tangu walipopata uchungu mrefu wa kuzaa. Hiyo ni fistula, si laana wala si uchawi, na mara nyingi hupona kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imewatibu wengi bila malipo. Ukimjua mwanamke wa namna hiyo anayekaa nyuma kabisa kanisani karibu na mlango, usimwulize mbele za watu. Mwendee, umwambie kwamba yako matibabu.

Pili, mgonjwa apewe maji. Kumnyima maji hakupunguzi shida. Mkojo mchache huwa mkali, huchoma ngozi, huleta maambukizo na kufunga choo, na wazee wengine huanza kuchanganyikiwa. Badala yake, kama anaweza kuketi, awekewe chombo cha haja karibu na kitanda na kusaidiwa kila baada ya saa mbili au tatu, hata kama hajaomba. Kwetu jambo hili peke yake lilipunguza nepi za mchana.

Tatu, vitambaa vya zamani havijapitwa na wakati. Vipande vya kitenge au khanga kuukuu vilivyokunjwa, na mpira chini ya shuka, vyafaa sana mchana mgonjwa akiwa na mtu karibu, na nepi ya dukani ikabaki kwa usiku na kwa safari. Vitambaa vichemshwe au viloweshwe kwa dawa ya kuua vijidudu, vianikwe juani vikauke kabisa, vipigwe pasi. Maji ya kufulia yamwagwe chooni, si mferejini.

Nne, nepi ya dukani ikitumika, kinyesi kimwagwe chooni kwanza. Kisha nepi ikunjwe kwa ndani, ifungwe kwa gundi zake, izungushiwe gazeti kuukuu, iwekwe katika ndoo yenye kifuniko, iliyotandikwa mfuko wa taka. Tangu 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku katika nchi yetu, lakini mifuko ya kuhifadhia taka haikuhesabiwa katika marufuku hiyo. Usijaze kiroba mpaka juu. Jaza nusu, funga vizuri, vifanye viwili. Yule kijana wa mkokoteni ana mgongo kama wewe. Usichanganye humo sindano wala wembe. Anayebadilisha avae glavu, anawe mikono kwa sabuni, naye mgonjwa asafishwe na kukaushwa vizuri asipate vidonda.

Tano, tusizitupe katika choo cha shimo. Zile nepi huvimba, shimo hujaa kabla ya wakati wake, na gari la kunyonya maji taka likija, bomba lake huziba. Tusizitupe katika choo cha kuvuta maji, kwa maana uchafu utarudi ndani ya nyumba yako au ya jirani. Tusizichome uani. Zilizolowa haziungui, hufuka tu, na ganda lake la nje ni plastiki, ambayo moshi wake ni sumu kwa watoto na kwa huyo mgonjwa mwenyewe. Wala tusizitupe mtoni au korongoni. Sababu ya hilo nimekwisha kuieleza kwa aibu yangu.

Sita, kwa ndugu zetu wa miteremkoni, kule ambako gari la taka halifiki, afadhali wachimbe shimo refu, mbali na chemchemi, kisima na mfereji kwa mita 30 au zaidi, wala lisiwe juu ya chemchemi, na kila wakitupa wafukie kwa udongo mbwa wasifukue. Plastiki hiyo itakaa ardhini miaka mingi, kwa hiyo si njia njema kabisa. Lakini ni afadhali kuliko mto, na ni karibu na ile amri ya kijiti.

YULE ANAYEPOKEA

Taka zetu za mji hupelekwa katika dampo la Murieti. Wengi wetu hatujafika huko. Gari likiondoka mlangoni twafikiri taka zimekwisha. Hazijaisha, zimehama. Na katika dampo wako watu watafutao riziki kwa mikono yao, wakichambua chupa na vyuma katika yale tuliyoyatupa. Nepi iliyofungwa vizuri ni upendo kwa mtu usiyemjua jina. Nepi iliyotupwa wazi ni tusi kwake.

Wala tusidhani kwamba shida hii ni ya maskini tu. Katika nchi ya Japani, ambako wazee ni wengi kuliko watoto, kampuni ya Oji ilitangaza mwaka 2024 kwamba inaacha kutengeneza nepi za watoto kwa soko la nchi ile, na kukazia nguvu nepi za watu wazima. Nao kwa utajiri wao wote wamehangaika na uzito wa taka hizo, kwa maana kitu kilicholowa ni kigumu kuungua hata katika tanuru kubwa. Katika mji wa Shibushi wananchi wamekuwa wakizitenga ili zisafishwe na kutumiwa tena. Sisi hatuna viwanda hivyo. Lakini kutenga, kufunga na kubeba kwa zamu kwahitaji mikono tu na moyo, navyo tunavyo.

KAZI YA PARISHI

Mwaka 1990 Ushirika wetu wa Kianglikana uliongeza alama ya tano katika zile alama za utume, yaani kuutunza uumbaji wa Mungu. Ni rahisi kuitimiza alama hiyo kwa kupanda miti siku moja huku tukipigwa picha. Mimi naomba tuitimize kwa viroba.

Naomba wazee wa kanisa, akina mama na vijana wakutane, waangalie mambo haya. Kwanza, ijulikane kwa siri ya kichungaji ni nyumba zipi zina mgonjwa wa namna hii. Pili, vijana wawili wawili wapangwe, siku ya gari la taka asubuhi, wapite na mkokoteni katika nyumba hizo na kuvifikisha viroba barabarani. Isiwe adhabu ya kijana aliyekosa, iwe zamu ya wote, na mimi jina langu liwe la kwanza katika orodha. Tatu, sehemu ya sadaka ya wahitaji iwasaidie wasioweza kununua nepi, mfuko wa taka au sabuni. Nne, twende kwa heshima kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa afya wa kata, tuulize gari litapita siku gani, na likishindwa kupita tujulishwe. Tusiwaendee kwa kugomba. Nao wana mama zao.

Na ninyi mnaomtunza mgonjwa, msibishane mlangoni kwake. Sikio la mgonjwa ni kali kuliko la mzima. Ubishi wenu juu ya kiroba yeye huusikia kama ubishi juu ya uhai wake.

MWISHO WA HABARI

Nilirudi kwa yule Yeyo. Nilijipa visingizio kwa juma zima, lakini nilirudi. Nikamwambia, “Yeyo, zile ulizozitoa mferejini, kiroba kimoja nilikitupa mimi mwenyewe, usiku. Nimekuja kuomba msamaha.” Alinyamaza kitambo. Nilitegemea anikaripie, na angekuwa na haki. Akasema, “Kumbe na wewe una mgonjwa. Mimi nilidhani nyumba ya mchungaji haina mambo haya. Mbona hukutuambia tukamwombea?” Kisha akachuma mchicha, akaufunga, akanipa nimpelekee mama.

Nilishika jembe nikazibua mfereji pamoja naye mpaka jua lilipokuwa kali. Kuomba msamaha bila kuzibua mfereji kungekuwa nusu ya toba.

Nyumbani nilimwambia mama habari yote. Nilimwambia kwamba kiroba ni cha kwangu kubeba, wala hakuna tena ubishi juu yake. Nikamkumbusha kwamba mimi nilipokuwa mtoto yeye alinifulia nepi katika maji baridi ya mto uleule, bila kuhesabu ni ngapi. Akacheka kwa upande ule wa uso uliobaki na nguvu, akasema, “Zilikuwa nyingi. Ulikuwa mtoto wa kunywa sana.” Kisha akaomba chai. Akanywa vikombe viwili.

Siku ya gari la taka nilitoka na kiroba begani saa mbili asubuhi, watu wakinitazama. Jirani mmoja, ambaye tumekaa naye miaka mingi bila kujua ya chumbani kwake, alitoka naye na cha kwake. Hatukusemezana. Tulitembea pamoja mpaka barabarani.

Wapendwa, Bwana wetu alipokuwa msalabani, katika maumivu yale, alimkumbuka mama yake, akamkabidhi kwa mwanafunzi. Na usiku wa kuamkia siku ile aliinama akaosha miguu yenye vumbi la njiani. Hakuna kazi ya usafi wa mwili wa mwanadamu iliyo chini kuliko pale alipoinama yeye. Basi tusione haya.

TUOMBE

Ee Bwana Mungu, utembeaye katikati ya kambi ya watu wako, utusamehe kwa yote tuliyoyatupa katika njia ya wenzetu. Uwape wazee wetu na wagonjwa wetu amani, wasijione kuwa mzigo. Uwape nguvu wanaowatunza, hasa wale wanaoamka usiku. Uwabariki wanaozoa taka za mji huu, na wote waishio kando ya mito yetu chini yetu. Utupe mabega ya kubeba na moyo wa kusitiri, kwa ajili yake yeye aliyechukua uchafu wetu nje ya mji, Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA IBADA ZA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, nani amewekwa katika Lango la Jaa? Amewekwa kwa haki?
2. Taka zetu zikiondoka mlangoni, zinakwenda kwa nani?
3. Je, kuna mgonjwa aliyesikia tukilalamika juu yake? Tutamwambia nini leo?

Ni mimi mtumishi wenu katika Kristo,
Kasisi wenu